Mikeka Kumi na Miwili

Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa baiskeli. Karakana yake ilikuwa ya mabati, sakafu ya udongo ulioloa grisi mpaka ukawa mweusi, na kwa miaka mingi hakuna mtu wa mtaa wetu aliyepata pancha akapita pale bila kusimama. Alipofariki, arobaini haijafika, wanawe watatu walikuwa wameshakosana. Wa kwanza alitaka kiwanja kiuzwe. Wa pili alitaka kipangishwe. Wa tatu, ambaye ndiye pekee aliyejua kunyoosha rimu, hakuna aliyemwuliza. Leo pale panauzwa chipsi.

Naianza historia ya klabu ya judo na karakana ya baiskeli kwa sababu swali ni lile lile. Mzee akiondoka, kitu alichokijenga kwa mikono yake kinabaki cha nani? Cha damu yake, au cha wale waliojifunza kazi?

Judo tunaiona kwenye runinga kila baada ya miaka minne, Olimpiki zikifika. Watu wawili wamevaa makoti meupe na ya buluu, wanashikana ukosi, wanavutana, halafu ghafla mmoja yuko chini na wewe hujaona kilichomwangusha. Tunaijua kama mchezo wa dunia. Kumbe mchezo huo ulianza kama klabu ya kijana mmoja, na klabu hiyo, Kodokan ya Tokyo, ilishikwa na ukoo mmoja kuanzia 1882 hadi 2009. Miaka 127. Mwanzilishi, kisha mpwa wake, kisha mwanawe, kisha mjukuu wake. Ni biashara ngapi za familia unazozijua wewe zilizovuka hata kizazi cha pili?

Majina nitayaandika kama Wajapani wenyewe wanavyoyaita, la ukoo kwanza. Kano ni jina la ukoo, Jigoro ndilo lake.

Kano Jigoro alizaliwa 1860 huko Mikage, karibu na mji wa Kobe, katika ukoo uliojulikana kwa kutengeneza sake, ile pombe ya mchele. Baba yake hakuzaliwa Kano. Aliolewa ndani, tuseme hivyo: alimwoa binti wa nyumba ile, akaasiliwa na baba mkwe, akapewa jina. Angeweza kurithi kiwanda chote, lakini alimwachia shemeji yake, mtoto wa damu wa nyumba ile, yeye akaenda kufanya kazi za meli na serikali. Jambo hili tulishike mapema, maana litarudi. Katika desturi yao ukoo si damu tu. Mtu mzima mwenye akili anaweza kuasiliwa, akapewa jina, akapewa na ufunguo.

Mama alifariki Jigoro akiwa bado mdogo, na baba akamchukua akaenda naye Tokyo kusoma. Kijana alikuwa na kichwa chepesi cha masomo, lakini mwili haukumsaidia. Hata alipokuwa mtu mzima urefu wake ulikuwa sentimita 157 hivi. Shuleni alionewa. Wakubwa walimburura, wakampiga ngwara, wakamcheka. Akasikia kwamba ipo sanaa inayomwezesha mdogo kumwangusha mkubwa, inaitwa jujutsu, akaanza kumtafuta mwalimu.

Haikuwa rahisi. Japani ya wakati ule ilikuwa inakimbilia mambo mapya. Utawala wa mabwana wa kivita ulikuwa umeanguka 1868, na 1876 serikali ikawapiga marufuku samurai kutembea na panga. Sanaa za vita zikawa kama nguo za marehemu: hakuna anayetaka kuonekana nazo. Walimu wa jujutsu waliobaki wengi waliishi kwa kuunga mifupa, maana mtu aliyesomea kuvunja kiungo anajua pia kukirudisha. Kwa hiyo kijana Kano akawa anazunguka Tokyo akiuliza kwa waunga mifupa: mzee, wewe unajua jujutsu? Hujui? Basi unamjua anayejua?

Mwaka 1877 akampata Fukuda Hachinosuke. Mzee Fukuda hakuwa mtu wa maelezo mengi. Kano mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku moja alirushwa, akainuka akauliza: mkono unakaaje? Mguu unakaaje? Mwalimu akamrusha tena. Akauliza tena. Akarushwa tena. Hiyo ndiyo ilikuwa jibu: utaelewa mwili ukishazoea. Kano akaenda nyumbani na michubuko yake, lakini swali hakuliacha. Kulikuwa na mwenzake pale, jamaa mmoja mkubwa, ambaye kila akishikana naye anapigwa mweleka. Mbinu za jujutsu zikamshinda, akajaribu za sumo, zikamshinda pia. Akaingia maktaba akasoma vitabu vya mieleka ya Kizungu, akakuta namna ya kumbeba mtu mabegani kama gunia. Akaifanyia mazoezi, akarudi, akambeba yule jamaa akamtupa. Mbinu hiyo bado ipo kwenye judo, inaitwa kata guruma. Judo, ambayo watu huisifu kuwa ya Kijapani tupu, ilikuwa na mkopo wa maktaba ndani yake hata kabla haijazaliwa.

Agosti 1879, Ulysses Grant, aliyekuwa rais wa Marekani, alikuwa ziarani Tokyo, na wenyeji wakamwandalia maonyesho ya jujutsu. Fukuda na Kano walikuwa miongoni mwa walioonyesha. Siku chache baadaye mzee Fukuda akafariki. Familia yake ikakutana na swali lile lile la karakana yetu: nani atashika? Wakamkabidhi Kano, mwanafunzi wa miaka 2 tu pale, ukumbi pamoja na maandishi ya siri ya shule yao. Hakuwa wa damu yao. Alikuwa ndiye anayejua kazi. Kumbuka jina hilo, Fukuda. Litarudi baada ya miaka 56, likiwa limevaa kimono cha msichana.

Kano aliendelea kujifunza kwa walimu wengine wawili, Iso Masatomo na Iikubo Tsunetoshi, akamaliza chuo kikuu 1881, akaajiriwa kufundisha. Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21, alikodi chumba katika hekalu la Kibudha liitwalo Eishoji, mtaa wa Shitaya, Tokyo. Akatandika mikeka 12. Mkeka wao, tatami, ni kama mita 1.8 kwa 0.9, kwa hiyo piga hesabu: mita za mraba 20 haziko. Sebule ya nyumba ya kawaida. Mwaka ule wa kwanza alipata wanafunzi 9.

Chumba kile akakiita Kodokan, ukumbi wa kusomea njia. Na sanaa yenyewe hakuiita tena jujutsu, yaani mbinu laini. Aliita judo, njia laini. Tofauti ni herufi chache, lakini alikuwa anasema jambo kubwa: sitaki kufundisha watu hila za kupigana, nataka wawe watu.

Sasa wacha nikuambie jinsi klabu ile ilivyokuwa familia kabla hata mwanzilishi hajaoa. Vijana kadhaa waliishi naye. Aliwalisha. Aliwapa nguo za mazoezi. Ada hakutoza, usiku alikaa akitafsiri maandishi kwa malipo ili kodi ilipwe. Wa kwanza kabisa kwenye daftari la wanachama alikuwa Tomita Tsunejiro, kijana wa mashambani ambaye tayari alikuwa anaishi nyumbani kwa akina Kano. Wa pili maarufu ni Saigo Shiro, kijana mfupi kutoka Aizu, upande ulioshindwa katika vita vya 1868, naye pia baadaye aliasiliwa na ukoo mwingine. Walirushana usiku na mchana mpaka jengo la hekalu likatikisika, na inasimuliwa kwamba vibao vya kumbukumbu za wafu vilikuwa vinaanguka kutoka kwenye madhabahu. Mtawa akalalamika. Ungekuwa wewe usingelalamika? Unaomba dua ya marehemu, ukutani kishindo, pu! Klabu ikahama.

Lakini katika miaka ile ya mwanzo Kano alifanya mambo mawili ambayo, nikiyatazama leo, naona ndiyo yaliyoiokoa klabu kuliko ushindi wowote.

La kwanza ni daftari. Kila aliyeingia aliapa kufuata masharti na kuandika jina lake. Siyo kwa kichwa cha mwalimu, siyo kwa "mimi nawajua vijana wangu wote". Kwa maandishi.

La pili ni ngazi. Shule za zamani za jujutsu zilikuwa na vyeti vya siri. Unakaa miaka mingi hujui umefika wapi, mpaka siku mzee apende kukupa hati ya kukunjwa, na mara nyingi hati ya mwisho humpa mwanawe. Kano akavunja safari ile ndefu ikawa vidato vya wazi vinavyoitwa dan. Mwaka 1883 Tomita na Saigo walipewa dan ya kwanza, na mkanda mweusi ukafuata miaka michache baadaye. Mikanda ya rangi unayoiona kwa watoto wa karate na taekwondo mtaani kwenu mwishowe inatokana na hapo. Faida yake ni nini? Ni kwamba ujuzi sasa ulionekana kiunoni. Mtu asiye wa ukoo angeweza kupanda, na kila mtu akaona kwamba amepanda.

Si kwamba familia haikuwa na machozi. Mwaka 1889 Kano alisafiri kwenda Ulaya. Mwaka uliofuata, mwalimu akiwa bado mbali, Saigo Shiro, yule mwanafunzi aliyekuwa kama mboni ya jicho, aliondoka Kodokan asirudi tena. Akaenda Nagasaki, akafanya kazi ya gazeti. Alifariki 1922, na Kano akampa dan ya 6 akiwa ameshalala kaburini. Mtoto aliyepotea alirudishwa kwenye daftari. Miaka 20 baadaye, Tomita Tsuneo, mwana wa yule Tomita wa kwanza, aliandika riwaya kuhusu kijana wa judo aliyefanana sana na Saigo, na 1943 riwaya hiyo ikawa filamu ya kwanza kuongozwa na Kurosawa Akira. Mtoto wa ndugu mmoja ndiye aliyemrudisha ndugu mwingine kwa umma.

Kano mwenyewe akawa mtu mkubwa wa elimu. Kwa zaidi ya miaka 20 aliongoza chuo cha juu cha ualimu cha Tokyo. Mwaka 1909 akawa mjumbe wa kwanza kutoka Asia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na 1912 akaongoza msafara wa kwanza wa Japani kwenda Olimpiki ya Stockholm. Wakimbiaji wawili tu.

Mwaka huo huo wa 1909 alifanya kitu ambacho hakina picha wala filamu. Aliisajili Kodokan iwe wakfu kisheria. Sisi wa pwani na bara neno wakfu tunalijua. Kitu kikishawekwa wakfu, hakigawanywi. Mikeka, jengo, jina, vyote vikatoka mfukoni mwa Kano Jigoro vikawa mali ya taasisi. Kuanzia siku ile hata mwanawe angekaa kwenye kiti, angekuwa mlinzi wa ufunguo. Hangeweza kuuza kiwanja.

Nikifika hapa nataka kumpigia makofi nimalize. Lakini nyumba ina vyumba vingi, na kuna chumba kimoja ambacho mlango wake ulifunguliwa nusu.

Mwaka 1893 Kano alimkubali mwanafunzi wa kike, Ashiya Sueko. Kwa zama zile lilikuwa jambo la ajabu. Mwaka 1926 akafungua rasmi idara ya wanawake Kodokan, na bintiye mkubwa, Watanuki Noriko, ndiye aliyekuja kuiongoza. Halafu, 1935, akamwalika msichana mmoja aje ajiunge. Jina lake Fukuda Keiko. Alikuwa mjukuu wa mzee Hachinosuke, yule mwunga mifupa aliyemrusha Kano bila maelezo.

Naipenda sehemu hii. Mwaka 1879 familia ya Fukuda ilimpa kijana wa watu urithi wao. Mwaka 1935 mzee wa miaka 74 aliurudisha kwa mjukuu. Deni lililipwa kwa mikeka. Keiko alikuwa na umri wa miaka 22, kimo kama sentimita 150. Mwalimu wake alikuwa na miaka mitatu tu ya kuishi.

Machi 1938 Kano alikuwa Afrika. Kamati ya Olimpiki ilikutana Cairo, naye, akiwa na miaka 77, alikwenda kuitetea Tokyo ambayo ilikuwa imepewa Michezo ya 1940. Japani ilikuwa imeshaingia vitani China, na wengi walitaka Michezo ihamishwe. Mzee aliwashawishi, Tokyo ikabaki nayo. Akarudi kwa njia ndefu kupitia Marekani, akapanda meli Hikawa Maru kutoka pwani ya Kanada, na tarehe 4 Mei, siku mbili kabla ya kutia nanga Yokohama, akafariki melini. Miezi miwili baadaye serikali ya Japani yenyewe ikairudisha Michezo aliyoifia. Vita vilikuwa vimekula kila kitu. Meli ile bado ipo Yokohama, imefungwa gatini, watu wanalipa kiingilio kuitembelea.

Nani ashike? Kiti kikaenda kwa Nango Jiro, mpwa wake kwa dada, mwanajeshi wa majini aliyestaafu. Fikiria mtu huyo. Alichukua klabu iliyokuwa inafundisha kwamba lengo ni manufaa ya pamoja, wewe na mwenzako mnufaike, katika nchi iliyokuwa inaandaa vijana kuua. Wanawe wawili walikuwa marubani wa kivita. Mmoja alikufa angani China mwezi Julai 1938, mwaka ule ule aliokabidhiwa ufunguo. Mwingine akafa New Guinea 1944. Aliushika ufunguo hadi 1946, akauachia katika Tokyo iliyoungua.

Baada yake akaja Kano Risei, mwana wa Jigoro. Hakuwa na sifa ya kurusha watu. Hii ndiyo hali ambayo kwetu huua kampuni: mtoto wa mzee anakaa kwenye kiti, mafundi wanaangaliana. Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Wamarekani waliokuwa wanaitawala Japani walipiga marufuku sanaa za vita shuleni, na judo haikurudi mashuleni mpaka 1950. Kama kuna wakati wa kuuza kiwanja, ulikuwa ule.

Haikuuzwa. Kwa sababu ngazi zilikuwepo, walimu walikuwepo, kila mmoja na cheo chake, na mkubwa wa mikeka hakuhitaji kuwa ndiye mkubwa wa ofisi. Risei alikaa ofisini. Mwaka 1949 akawa rais wa shirikisho la judo la Japani, na kuanzia 1952 hadi 1965 akawa rais wa shirikisho la dunia. Mwaka 1956 ubingwa wa kwanza wa dunia ulifanyika Tokyo. Kazi ya kurusha aliwaachia wanaojua kurusha.

Kisha ikaja siku ya kuona kama kweli mzee alimaanisha alichosema. Tarehe 23 Oktoba 1964, ukumbi wa Nippon Budokan, Tokyo. Judo iko Olimpiki kwa mara ya kwanza, nyumbani kwake, na mtoto wa mwanzilishi ndiye rais wa shirikisho la dunia. Fainali ya wazi, isiyo na uzito: Kaminaga Akio wa Japani na Anton Geesink wa Uholanzi, jitu la karibu mita 2. Geesink akamlaza Kaminaga, akamkandamiza mpaka muda ukaisha. Ukumbi ukanyamaza. Mashabiki wa Kiholanzi wakataka kuvamia mikeka kushangilia, na Geesink akiwa bado chini akanyoosha mkono kuwazuia. Akainuka, akapanga nguo yake, akainama kumheshimu aliyemshinda.

Wajapani wengi walilia siku ile. Lakini ukiitazama kwa jicho la urithi, aliyeshinda alikuwa mtoto wa nyumba. Alijua kuinama. Alijua kwamba mkeka si wa kushangilia. Hakuna mtu wa damu ya Kano aliyemfundisha, na alikuwa amefundishika.

Tukirudi kwenye kile chumba chenye mlango wa nusu, Fukuda Keiko alipata dan ya 5 mwaka 1953. Halafu akasimama hapo. Si kwa kukosa ujuzi. Wanawake hawakuruhusiwa kupita dan ya 5, basi. Mkanda wao mweusi ulikuwa na mstari mweupe katikati kwa urefu wote, ili hata ukiwa mbali ujue huyu ni mweusi lakini si mweusi kabisa. Ile ngazi ambayo Kano aliijenga ili asiye wa ukoo apande, kwa mabinti ilikatwa katikati. Mjukuu wa mtu aliyempa mwanzilishi mikeka ya kwanza aliambiwa: mama, wewe mwisho wako hapa.

Keiko hakuolewa. Alijua ndoa ya zama zile ingemtaka aache judo. Alihamia San Francisco katika miaka ya sitini, akafundisha wanawake mpaka uzeeni. Wanafunzi wake na wenzao waliandika barua na kushinikiza, na 1972 yeye na Noritomi Masako wakawa wanawake wa kwanza kupewa dan ya 6. Miaka 19 kwenye kidato kimoja. Upande wa pili wa Marekani, Rena Kanokogi wa New York, aliyekuwa amenyang'anywa medali 1959 kwa sababu alishindana miongoni mwa wanaume, aliweka nyumba yake rehani ili ubingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake ufanyike 1980. Judo ya wanawake iliingia Olimpiki na medali kamili 1992 tu.

Kodokan ilimpa Keiko dan ya 9 mwaka 2006, akiwa na miaka 92. Mwanamke wa kwanza kuipata. Dan ya 10, ambayo ni ya juu kabisa, aliipata 2011, lakini ilitoka kwa shirikisho la Marekani, si kwa nyumba ya Tokyo. Alifariki Februari 2013, miezi miwili kabla ya kutimiza miaka 100.

Mjukuu wa Jigoro, Kano Yukimitsu, alikuwa ameshika kiti tangu 1980. Mwaka 1984 jengo jipya lilifunguliwa Tokyo, ghorofa 8, na ukumbi wake mkuu una mikeka 420. Kutoka 12. Mwaka 2009 akamkabidhi kiti Uemura Haruki, bingwa wa Olimpiki ya Montreal 1976. Jina Uemura halimo kwenye ukoo wa Kano. Hakukuwa na kikao cha kugombania ufunguo, hakuna aliyefika kortini na nakala ya wosia. Ufunguo ulihama tu kutoka kwa damu kwenda kwa mkanda. Nadhani ulikuwa unaelekea huko tangu 1909, au tangu siku Tomita alipoandika jina lake kwenye daftari.

Kwa hiyo nani alirithi? Mpwa aliyezika wanawe wawili alirithi. Mtoto asiyejulikana kwa kurusha alirithi kwa kukaa ofisini na kuwaachia wengine mikeka. Mholanzi aliyenyoosha mkono alirithi. Na yule aliyekuwa na haki mara mbili, kwa damu ya mwalimu wa kwanza na kwa jasho lake mwenyewe, ndiye aliyengojeshwa mlangoni kuliko wote. Familia iliyojua kuasili wageni ilichelewa sana kuwaona mabinti zake.

Mwezi uliopita nilimtembelea binamu yangu, yule wa tatu, wa kunyoosha rimu. Anafanyia kazi chini ya mwembe, kando ya barabara, na ana wanagenzi wanne. Mmoja ni msichana wa miaka kama 16, mikono yote grisi, ameinamia gurudumu anahesabu spoku. Nikamwuliza binamu kama ana daftari la majina yao, nani amefika wapi, nani anaweza kuachiwa kazi siku akiwa hayupo.

Akacheka. "Daftari la nini? Si wote nawajua."

"Na huyu msichana?"

Akamtazama kidogo. "Huyo ndiye anayejua kuliko wote," akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri. "Lakini wanaume hawatamkubali."

Kesho yake nilimpelekea daftari, la kurasa 200, jalada gumu. Nikamwambia aandike jina la msichana kwenye mstari wa kwanza. Sijui kama ameliandika.